Armstrong: Mwanafunzi Aliyemo Ndani ya Redio za Wazee Wetu

Kila redio ya zamani ninayoifungua kule kwetu Lisekese, Masasi, naanza na maswali yale yale. Ni ya valvu au ya transista? Inakula mawe au umeme? Ikiwa ni ya valvu na asili yake Ulaya, jibu limeandikwa kwenye kioo cha valvu yenyewe. Herufi ya kwanza ikiwa D, kama DK96 au DL96, hiyo ni ya betri, ilifaa sana sehemu kama zetu ambako nguzo za umeme zilikuwa hadithi. Ikiwa E, kama ECH81, kwa kawaida ni redio ya umeme yenye transfoma. Ikiwa U, kaa chonjo: nyingi za namna hiyo hazina transfoma ya kukutenga na umeme wa ukutani, na chesisi yake inaweza kukurusha.

Hapo bado sijagusa swichi. Kapasita za karatasi na zile kubwa za kuchuja umeme nazipima kwanza, maana zikizeeka zinavujisha, na ukiwasha kwa pupa unaunguza kile ulichokuja kuokoa. Lakini iwe Philips au National, ya enzi za Sauti ya Dar es Salaam miaka ya 50 au ya Redio Tanzania miaka ya 70, karibu zote nakuta ndani vikebe vidogo vya bati vimejipanga. Mafundi huviita IF. Mpango mzima unaovitumia vikebe hivyo ulitoka kichwani mwa Mmarekani mmoja, Edwin Howard Armstrong, na habari zake zinatuhusu sisi wanachuo kuliko mtu anavyodhani.

Armstrong alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Utotoni aliugua homa kali iliyomwachia mtetemo wa bega na uso ambao hakupona maisha yake yote, na kwa miaka miwili alisomea nyumbani. Familia ikahamia Yonkers, na huko chumba chake cha darini kikajaa waya na koili. Mwaka 1910 alisimamisha uani mlingoti wa antena wenye urefu wa karibu mita 38, kwa mikono yake. Mtu huyu alipenda kupanda juu ya vitu virefu, na tabia hiyo haikumwisha.

Alisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Columbia, akienda na kurudi kwa pikipiki. Likizo ya kiangazi 1912, kabla ya kuingia mwaka wa mwisho, ndipo alipopata jambo lake. Valvu ya audion ilikuwepo tayari, Lee de Forest aliibuni mwaka 1906, ila ilikuwa dhaifu na hakuna aliyeielewa vizuri. Armstrong aliipima hatua kwa hatua, akaona kwamba ukichukua sehemu ya kile kinachotoka na kukirudisha kwenye kinachoingia, sauti inakuzwa upya mara nyingi. Ukiongeza zaidi, valvu inaanza kutoa mawimbi yenyewe. Yaani kitu kimoja, ukikitumia hivi ni kipokezi, ukikitumia vile ni kirusha matangazo.

Sasa tatizo lilikuwa hela. Alimwomba baba yake ada ya kusajili hataza, mzee akakataa: maliza shahada kwanza. Si mnazijua hizo sauti za wazazi? Kijana akafanya alichoweza. Tarehe 31 Januari 1913 alipeleka mchoro wake kwa ofisa wa viapo, ukapigwa muhuri wenye tarehe. Maombi yenyewe yalingoja mpaka Oktoba mwaka ule, na hataza ikatoka 1914.

De Forest naye akaibuka akidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Kesi ilidumu takriban miaka ishirini. Wahandisi wengi walikuwa upande wa Armstrong, na de Forest mwenyewe alikuwa ameonekana wazi haelewi kifaa chake kinavyofanya kazi. Hata hivyo, mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa de Forest ushindi. Armstrong akaenda kurudisha nishani aliyopewa na Taasisi ya Wahandisi wa Redio kwa ugunduzi huo. Taasisi ikakataa kuipokea, ikamwambia ni yake.

Lakini tumekimbia, turudi nyuma kwenye vile vikebe. Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Armstrong alikuwa kapteni wa jeshi la mawasiliano huko Paris. Alitaka kunasa mawimbi ambayo valvu za wakati ule hazikuweza kuyakuza. Akaipa redio wimbi lake la ndani, akalichanganya na lile linalotoka hewani. Tuseme stesheni iko kilohezi 1,000, na wimbi la ndani ni 1,455: tofauti ni 455. Ukizungusha kitufe kutafuta stesheni nyingine, wimbi la ndani linasogea pamoja nacho, na tofauti inabaki 455 siku zote. Vikebe vinakuwa na kazi moja tu, kukuza namba hiyo na kuzuia nyingine. Haki isemwe, Mfaransa Lucien Lévy alikuwa na wazo la karibu na hilo, na hataza zao ziligongana. Ila aliyelifanya likawa mashine ya kutegemewa ni Armstrong.

Aliziuza hataza zake, akatajirika, akawa mwenye hisa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote binafsi katika kampuni ya RCA. Mwaka 1923 alipanda mnara wa kampuni hiyo juu ya jengo la Aeolian Hall mpaka kileleni, kisa kumvutia Marion MacInnis, katibu wa bosi David Sarnoff. Sarnoff alikasirika. Marion aliolewa naye Desemba ya mwaka ule ule.

Kisha FM. Hataza zilitoka tarehe 26 Desemba 1933, baada ya miaka ya kutafuta sauti isiyochafuliwa na radi. RCA ilimruhusu kuijaribu kwenye jengo la Empire State, halafu ikamwambia aondoe vyombo vyake, televisheni ilikuwa inakuja. Alijenga mnara wake mwenyewe Alpine, New Jersey. Mwaka 1940 RCA ilimpa dola milioni 1 bila mrabaha, akakataa. Mwaka 1945 serikali ikaihamisha FM kwenda masafa mapya, ile 88 mpaka 108 tunayoisikiliza leo hosteli, na redio zote za FM zilizokwisha kuuzwa zikawa makopo. Mwaka 1948 akaishtaki RCA.

Kesi ilikula fedha, ikala na ndoa. Novemba 1953, katika ugomvi, alimpiga mkewe kwa chuma cha kuchochea moto, na Marion akaondoka. Usiku wa 31 Januari 1954, miaka 41 kamili tangu ule mchoro upigwe muhuri, Armstrong alijiua.

Marion ndiye aliyemaliza kazi. Mwaka huo huo RCA ilikubali kulipa dola zipatazo milioni 1, naye akaendelea na kampuni nyingine moja baada ya nyingine, ya mwisho Motorola, mwaka 1967. Zote alizishinda.

Kwa walio mwaka wa mwisho nina mawili. La kwanza, projekti yako iandikie tarehe kila hatua, na kama ina kitu kipya, fika BRELA kabla hujaionyesha kwenye maonyesho. Usisubiri boom wala mahafali. La pili ni zito zaidi. Armstrong alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, lakini aliubeba mzigo peke yake mpaka ukamwangusha, na kabla ya hapo ukamuumiza aliyekuwa naye karibu. Ukimwona mwenzako amejifungia chumbani na jambo lake wiki ya tatu sasa, mgongee mlango, kaa naye, kisha mwende wote kwa mshauri wa wanafunzi.