Luigi Broglio na Nyota Zenye Sumaku

Kila nisikiapo Ngomeni ikitajwa, mimi humkumbuka Profesa Luigi Broglio. Sisi watu wa pwani twajua kuwa maroketi yalirushwa kutoka baharini kwetu, lakini nikiuliza yalileta faida gani, wengi hunyamaza. Ndipo nikaona niandike habari za mtu huyu.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, Italia, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, ofisa wa jeshi la anga na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma. Alipotafuta mahali pa kurushia setilaiti, alichagua bahari yetu kwa kuwa i karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Basi majukwaa ya chuma yakasimamishwa mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikaruka hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano hao walirusha setilaiti ya Marekani. Msimamizi wake, Bi. Marjorie Townsend, aliiita Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei ya angani, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie.

Mwaka 1971 Uhuru ikaona ajabu. Kitu kiitwacho Cen X-3 kilikuwa kikitoa eksirei kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kumbe ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka. Upana wake ni kama kilomita 20 tu, na uzito wake washinda wa jua! Huzungukana na nyota nyingine kubwa kwa siku mbili hivi, ikiinyonya gesi. Sumaku yake, yenye nguvu mara mabilioni kuliko ya dunia, huiongoza gesi hiyo hadi kwenye ncha zake mbili, nayo ikianguka hapo hupata moto wa mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Nyota ikijizungusha, miale hiyo hutupitia mithili ya taa ya mnara wa bandarini.

Broglio alifariki Januari 2001. Mwaka uliofuata Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel. Broglio hakuiona siku hiyo, ila kituo cha Ngomeni kilipewa jina lake. Chanda chema huvikwa pete.

Wazee wetu walisafiri kwa nyota hadi Arabuni na Bara Hindi. Basi na tuwaambie watoto wetu kwamba habari za nyota hizi pia zilianzia safari katika bahari yetu, kwa jina la lugha yetu.