Mohamed Husen: Mwana wa Dar es Salaam aliyefia kambi ya Hitler

Tukisikia mauaji ya Wanazi, wengi wetu hudhani ni habari ya Wazungu na Mayahudi, sisi haituhusu. Leo nataka kumkumbuka mwana wa pwani hii aliyekufa humo humo.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, babake akiwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani. Mwaka huo huo, Wajerumani hao hao walianza kuwaangamiza Waherero kule Namibia. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Mahjub aliingia jeshini na babake, mtoto wa miaka kumi. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa babake na wake ambao haukulipwa. Alikataliwa. Akabaki huko kwa jina la Mohamed Husen, akiwa mhudumu mkahawani na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933 alimuoa Maria Schwandner, mwanamke wa Kizungu. Siku chache baadaye Hitler akashika madaraka.

Tuangalie vile mambo yalivyokwenda, kwani hayakuanza na bunduki. Wajerumani walikuwa washazoea kumuona Mwafrika kama kiumbe cha maonyesho na utumishi. Husen mwenyewe alicheza filamu zaidi ya 20, nyingi akiwa mtumishi wa Mzungu. Mwaka 1934 aliomba nishani ya vita, akanyimwa. Mwaka 1935 zikaja sheria za Nuremberg kumkataza Myahudi kuoana na Mjerumani, kisha zikapanuliwa zikawakumba na Waafrika. Kazi ya mkahawani akaipoteza. Vita vya 1939 vilipoanza alijitolea kupigana, akakataliwa.

Mwaka 1941 ilitoka filamu ya kumsifu Carl Peters, yule ambaye wazee wa Tanganyika walimwita mkono wa damu. Husen alikuwemo. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe. Bila kesi akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na tarehe 24 Novemba 1944 akafariki. Mayahudi kama milioni 6 waliuawa katika utawala huo: kwanza jina baya, kisha sheria, kisha kambi.

Aliipigania Ujerumani tangu utotoni, lakini utumishi wake haukumuokoa. Watu wakishakuhukumu kwa asili yako, mema yako hayahesabiwi.

Sisi wapwani tunaitwa wavivu, na twaumia. Lakini barazani kwetu nako kuna majina ya majirani, na tunayacheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Likoni mwaka 1997 tulishuhudia watu wakiuawa na kufukuzwa makwao kwa kuwa ni wabara. Majina yalitangulia, mapanga yakafuata.

Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba mbele ya nyumba aliyokaa Husen mjini Berlin, chenye jina lake. Mola amrehemu. Basi siku mwenzako atakapowasema watu wa kabila fulani kuwa wote ni kitu kimoja, usicheke naye. Mkanye pale pale, kabla kahawa haijapoa.