BENJAMIN GRIERSON: MWALIMU WA MUZIKI JUU YA FARASI

Wengi nchini Kenya walisikia habari za askari weusi wapanda farasi wa Marekani kwa mara ya kwanza katika wimbo wa Bob Marley uliotolewa mwaka wa 1983. Asiyetajwa aghalabu ni kanali Mzungu aliyekiunda kimojawapo cha vikosi hivyo, akakiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini na akabaki na cheo kile kile muda huo wote.

Benjamin Henry Grierson alizaliwa tarehe 8 Julai 1826 mjini Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa na umri wa miaka minane, farasi alimpiga teke la uso, nusura afe. Jeraha lilipona, ila kovu lilibaki, na pamoja nalo shaka juu ya mnyama huyo. Mapenzi yake yalikuwa muziki. Mjini Jacksonville, Illinois, alifundisha muziki na kuongoza bendi, kisha akajitosa katika biashara ya duka huko Meredosia. Biashara ilianguka, ikamwachia madeni. Kwa hiyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, vilimkuta mtu mwenye mke na watoto, asiyejua lolote kuhusu uaskari, ila aliyeuchukia utumwa na kuamini kwamba Muungano haufai kuvunjwa. Alijitolea. Majaliwa, ambayo hayakosi mzaha, yakampeleka katika kikosi cha 6 cha wapanda farasi wa Illinois, kwanza akiwa meja na kisha, mwezi Aprili 1862, kanali.

Safari iliyompa jina ilianza alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1863 huko La Grange, Tennessee. Wakati huo Jenerali Grant alikuwa akitafuta njia ya kuvuka mto Mississippi ili aushike mji wa Vicksburg, naye Jenerali Pemberton wa Kusini alikuwa akiulinda. Ilihitajika rabsha ya kumgeuza Pemberton macho. Grierson alipewa askari 1,700, akaingia nao katika kitovu cha nchi ya adui. Hakuwa na njia ya hakika ya kurudi. Siku ya nne aliwarudisha wagonjwa na waliochoka. Kesho yake akalirudisha pia jeshi la Iowa, ili wafuatiliaji waone nyayo zikielekea kaskazini na kudhani kwamba wote wamerejea. Yeye na waliosalia, wasiozidi elfu moja, waliendelea kusini. Mbele yao walitangulia wapelelezi waliovaa nguo za adui, jambo ambalo lingewatia kitanzini kama wangekamatwa.

Tarehe 24 Aprili walifika Newton Station, mahali ilipopita reli iliyoilisha Vicksburg kutoka mashariki. Walichoma mabehewa, wakang'oa reli na kukata nyaya za simu. Pemberton, ambaye hakuwa na wapanda farasi wa kutosha, alitawanya majeshi yake kuwasaka huku na huko. Tarehe 30 Aprili Grant akavuka mto huko Bruinsburg bila kuzuiwa. Siku mbili baadaye Grierson na watu wake waliingia Baton Rouge, Louisiana, wakiwa wamesafiri takriban maili 600 kwa siku 16, baadhi yao wakisinzia juu ya matandiko. Waliouawa katika kikosi chake walikuwa watatu. Vicksburg ilisalimu amri tarehe 4 Julai. Hadithi hii ndiyo iliyozaa filamu ya John Ford ya mwaka wa 1959, ingawa shujaa wa filamu hafanani sana na yule mwalimu wa muziki.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Hata hivyo, yaliyofuata ndiyo yanayompima mtu huyu barabara. Mwaka wa 1866 Bunge la Marekani liliidhinisha vikosi vya askari weusi katika jeshi la kudumu, na maafisa kadhaa wazungu walivikwepa. Grierson alikubali kuunda kikosi cha 10 cha wapanda farasi huko Fort Leavenworth, Kansas. Mkuu wa kambi aliwapangia askari wake mahali penye majimaji, wakaugua, na katika magwaride akataka wasimame mbali na wenzao weupe. Grierson alibishana naye hadharani. Aliagiza pia kwamba katika hati za kikosi chake lisitumike neno la kubainisha rangi. Kilikuwa kikosi cha 10, basi. Mwaka wa 1867 alifaulu kukihamishia Fort Riley.

Lakini kazi waliyopewa askari hao, wengi wao watumwa wa jana, ilikuwa kuwadhibiti wenyeji wa nyika waliokuwa wakinyang'anywa ardhi. Grierson mwenyewe aliwaonea imani wenyeji hao, na kwa sababu hiyo alidhihakiwa kuwa mlegevu. Hata hivyo alitii amri. Mwaka wa 1880, magharibi mwa Texas, alimshinda Victorio, kiongozi wa Waapache, kwa kumtangulia kwenye visima badala ya kumkimbiza jangwani. Mnamo tarehe 30 Julai, akiwa na askari wachache na mwanawe Robert, alilinda chemchemi moja hadi msaada ulipofika. Victorio alirudi Meksiko, akauawa na jeshi la huko mwezi Oktoba.

Luteni Henry Flipper, Mwafrika wa kwanza kuhitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point, alihudumu chini yake. Aliposhtakiwa mwaka wa 1881, Grierson aliandika kumtetea. Hakusikilizwa, Flipper alifukuzwa jeshini mwaka wa 1882, na msamaha wa rais ukatolewa mwaka wa 1999, yeye akiwa kaburini.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Binti yake Edith alifariki Fort Concho mwaka wa 1878 akiwa na miaka 13. Mkewe Alice akafuata mwaka wa 1888. Cheo cha brigedia jenerali katika jeshi la kudumu kilimfikia Aprili 1890, miezi mitatu kabla ya kustaafu. Alifariki mwaka wa 1911 huko Omena, Michigan, akazikwa Jacksonville. Kumbukumbu za vita alizoiandikia familia yake zilichapishwa kitabuni mwaka wa 2008.