Asmaa binti Abubakar, Mwenye Mishipi Miwili



Ndugu Waislamu, wazazi wengi huwapa binti zao jina la Asmaa, na tukiwauliza maana yake hujibu kuwa ni majina, wingi wa ismu. Hiyo ni kauli moja. Wapo wanalugha wa Kiarabu waliolirejesha kwenye neno wasama, yaani uzuri wenye haiba, nasi tunaielemea kauli hii. Hata hivyo, heshima ya jina hili imetokana zaidi na aliyeitwa nalo.

Bi Asmaa (R.A.) alikuwa binti wa Sayyidna Abubakar na dada mkubwa wa Bi Aisha kwa baba. Katika Hijra ya mwaka 622 ilikosekana kamba ya kufungia masurufu ya Mtume na sahibu yake, akaupasua mshipi wake vipande viwili; ndipo akaitwa Dhatun-Nitaqayni. Abu Jahli alimjia mlangoni kumwuliza alipo baba yake. Hakusema, akapigwa kofi hata hereni ikadondoka. Abubakar alikuwa ameondoka na mali yake yote, na babu, Abu Quhafa, aliyekuwa kipofu, akahofu kuwa wameachwa mikono mitupu. Binti akapanga mawe mahali pa fedha, akayafunika nguo, akampapasisha mzee, naye akatulia.

Mumewe, Zubeir bin Awwam, alikuwa fukara. Huko Madina Bi Asmaa alimlisha farasi, akateka maji na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali (na huyu ni binti wa Abubakar!), mpaka baba yake alipompelekea mtumishi. Mama yake, Qutayla, alipomzuru angali mshirikina, alimwuliza Mtume kwanza, naye akamwamuru amtendee wema.

Mwaka 73 Hijria (692) mwanawe Abdullah alizingirwa Makka na jeshi la Hajjaj, akaja kutaka shauri. Mama alikwisha kupofuka, umri ukikaribia miaka 100. Alimtaka asimame imara ikiwa anajijua yumo katika haki. Abdullah akauawa, mwili ukatundikwa. Hajjaj alimwita mama huyo, akakataa kwenda. Ikambidi Hajjaj amfuate mwenyewe, naye akamweleza usoni kuwa ndiye mwangamizaji ambaye Mtume aliwahadharisha naye. Hajjaj aliondoka bila ya kumjibu. Siku chache baada ya mwanawe kuzikwa, Bi Asmaa alifariki dunia.