Newton, Sarafu na Mizani ya Mnyonge

Hakuna mwananchi wa Ihanda, wala wa kijiji chochote cha Mbozi, asiyekifahamu kile kimondo cha chuma kilichoanguka wilayani mwetu zama ambazo hakuna babu anayezikumbuka. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kukitazama. Lakini sisi majirani zake ni mara chache tunajiuliza swali ambalo kila mtoto wa shule angepaswa kuliuliza: kwa nini jiwe hilo lililokuwa likitembea angani lilivutwa hadi ardhini kwetu, badala ya kupita na kwenda zake?

Mtu aliyetoa jibu la swali hilo kwa njia ya hisabati ni Isaac Newton wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1727. Leo hatutaki kumweleza Newton wa darasani peke yake, yule wa tofaa na uvutano. Yuko Newton wa pili ambaye vitabu vya shule humpita kimya kimya, naye ni yule aliyetumikia kiwanda cha sarafu cha Serikali ya Uingereza kwa miaka 31. Kazi yake huko ina uhusiano na jina la shilingi iliyomo mifukoni mwetu, na ina funzo kwa mkulima anayepeleka mazao yake mizanini.

Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba, 1642, kwa kalenda ya zamani ya Waingereza, katika kijiji cha Woolsthorpe. Alizaliwa yatima, kwani baba yake, mkulima asiyejua hata kuandika jina lake, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Alipofikia umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa na mume mwingine, na mtoto akaachwa kwa bibi yake. Baadaye mama alimtoa shuleni akamtaka asimamie shamba. Kijana alishindwa kabisa kazi hiyo. Kondoo walipotea naye akiwa amezama kitabuni. Mwalimu wake na mjomba wake ndio waliomsihi mama amrudishe shuleni. Mwaka 1661 aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge, akiwa mwanafunzi wa daraja la chini anayejilipia masomo kwa kuwatumikia wenziwe wenye mali.

Mwaka 1665 tauni iliingia, chuo kikafungwa, naye akarudi kijijini. Katika miaka miwili hivi ya ukimya huo alianzisha tawi la hisabati liitwalo kalkulasi, akachunguza rangi zilizomo ndani ya mwanga, tena akaanza kufikiri kwamba nguvu inayoangusha tunda mtini yawezekana kuwa ndiyo inayouzuia mwezi usitoroke. Aliporudi chuoni hakukawia kupanda, na mwaka 1669, akiwa na umri wa miaka 26, alifanywa profesa wa hisabati.

Hatuna budi kusisitiza kwamba mtu huyu hakuwa wa kalamu tu. Mwaka 1668 alitengeneza kwa mikono yake darubini ya aina mpya, inayotumia kioo cha madini badala ya lenzi kubwa. Aliyeyusha mwenyewe shaba na bati, akamimina, akasugua kioo hicho mpaka kikang'aa, na hata zana za kufanyia kazi hiyo alijitengenezea. Darubini yenyewe ilikuwa na urefu wa kama sentimita 15 tu, lakini ilifanya kazi ya darubini ndefu kuliko hiyo mara nyingi. Mwanahisabati huyo alikuwa pia fundi, na hakuona haya kuchafuka mikono.

Mwaka 1687 alitoa kitabu chake kikuu kiitwacho Principia, ambamo alithibitisha kwamba sheria moja ya uvutano inatawala jiwe, mwezi, sayari na maji ya bahari yanayopwa na kujaa. Hapo ndipo tunapoliona jambo ambalo halisemwi sana. Newton mwenyewe hakupata kutoka Uingereza, na ili aijue dunia alitegemea vipimo vilivyoletwa na wasafiri. Mfaransa Jean Richer alikuwa amekwenda Cayenne, koloni la Ufaransa huko Amerika ya Kusini, na mwaka 1672 akagundua kwamba saa yake yenye pendulo ilichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Vipimo vingine vililetwa kutoka kisiwa cha Gorée, katika pwani ya Senegali. Kwa hesabu hizo Newton alionyesha kwamba dunia imefura kidogo kwenye Ikweta. Lakini Gorée ilikuwa mahali gani? Ilikuwa ngome ya wafanyabiashara ya watumwa. Merikebu zilizowabeba Waafrika waliofungwa minyororo zilipita njia zile zile walizopita wapima saa. Sayansi ni mali ya wanadamu wote, lakini tangu wakati huo ilisafiri katika jahazi moja na ukoloni.

Sasa tumfuate Newton wa sarafu. Mwaka 1696 Serikali ya Uingereza ilimteua kuwa Mlinzi wa kiwanda cha sarafu kilichokuwa katika Mnara wa London. Wakati huo fedha ya nchi ilikuwa imeoza. Watu wajanja walikuwa wakikata kingo za sarafu za fedha na kuyeyusha vipande walivyoviiba, hata sarafu nyingi za zamani zikabaki na takriban nusu ya uzito wake. Serikali iliamua kuzikusanya zote na kuzifua upya. Katika mabadiliko hayo walioumia zaidi ni maskini, kwani matajiri walizitoa sarafu zao mbovu kulipia kodi kabla ya muda kwisha, na mnyonge akabaki na vipande visivyopokelewa na mtu.

Wengi walidhani cheo hicho ni zawadi ya kupumzikia, lakini Newton alikifanya kazi. Aliichunguza mitambo iliyozungushwa na farasi, akahesabu kazi ya kila mtu, akaona kwamba shinikizo la kupigia chapa laweza kupiga mara 50 hadi 55 kwa dakika moja bila kuumiza vidole vya mfanyakazi. Viwanda vya muda vilifunguliwa katika miji mitano mingine, na kufikia mwaka 1699 kazi ilikuwa imekwisha. Hali kadhalika aliwawinda waghushi kwa ukali mkubwa, akiwahoji mashahidi yeye mwenyewe. Mashuhuri kati yao, William Chaloner, alinyongwa mwezi Machi 1699. Mwishoni mwa mwaka huo Newton alipandishwa kuwa Mkuu wa kiwanda, cheo alichokishika hadi kufa kwake.

Kuanzia hapo mizani yake ilivuka bahari. Dola ya fedha ya Kihispania, iliyotokana na machimbo ya Mexico na Peru, ilikuwa ikitumika karibu dunia nzima. Huko London thamani yake ilikuwa shilingi 4 na peni 6, lakini kila koloni la Waingereza katika Amerika lilijipangia bei yake ili kuivuta kwake. Newton alizipima sarafu za kigeni uzito na usafi, na juu ya vipimo vya kiwanda chake Malkia Anne alitoa tangazo mwaka 1704 kwamba dola hiyo isizidi shilingi 6 makoloni yote. Makoloni mengi yaliikwepa amri hiyo, lakini msingi ulikwisha wekwa: thamani ya fedha ya koloni ipimwe na kuamuliwa katika mji mkuu wa mtawala.

Dhahabu nayo ina kisa chake. Sarafu kuu ya dhahabu ya Uingereza, iliyoanza kufuliwa mwaka 1663, iliitwa gini kwa sababu dhahabu yake ilitoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Zile zilizofuliwa kwa dhahabu ya Kampuni ya Kifalme ya Afrika zilipigwa alama ya tembo chini ya kichwa cha mfalme, na kampuni hiyo hiyo ilifanya biashara ya watumwa. Baadaye ikaja dhahabu ya Brazil kupitia Ureno, nayo ilichimbwa na watumwa kutoka Afrika. Mwaka 1717 Newton aliishauri serikali, na gini ikateremshwa kutoka shilingi 21 na peni 6 hadi shilingi 21 kamili. Hata hivyo dhahabu ilibaki na bei ya juu kuliko ilivyostahili, na kwa hiyo fedha ikaendelea kukimbilia India na China huku dhahabu ikikaa. Ndivyo Uingereza ilivyojikuta nchi ya dhahabu karne nzima kabla ya kuliandika jambo hilo katika sheria, mwaka 1816.

Hatumsifu bila kumpima. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kuweka kinyongo. Ugomvi wake na Mjerumani Leibniz juu ya nani alitangulia kuvumbua kalkulasi ulifika mbali, kwani taarifa ya kamati iliyoamua shauri hilo mwaka 1712 aliiandika yeye mwenyewe. Tena alinunua hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini, iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa katika makoloni ya Hispania, na kampuni hiyo ilipoporomoka mwaka 1720 alipata hasara kubwa. Mtu aliyeweza kuhesabu mwendo wa sayari hakuinusuru nafsi yake na tamaa ya soko. Alifariki mwezi Machi 1727, bila mke wala mtoto, akazikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Ihanda? Yanatuhusu sana. Mwaka 1916, vitani, Wajerumani walifua huko Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, nayo pia ilikuwa na tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke. Tembo wa Guinea na tembo wa Tabora ni ndugu. Baada ya vita Waingereza wakaunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, mwaka 1919, makao yake yakiwa London, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi yake, 20 kwa pauni moja. Mkulima wa Mbozi alitoa jasho lake, na akiba ya kuidhamini shilingi ile ikawekwa London. Tuliendelea kuitegemea Bodi hiyo hadi tarehe 14 Juni, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa na tukawa na shilingi yetu wenyewe.

Lakini uhuru wa sarafu haukumaliza kazi. Sisi tuliolelewa chuoni kabla ya kupelekwa shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba kupunja kipimo ni dhambi kubwa. Leo gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, ni lile lile kosa la kukata kingo za sarafu: jina la kipimo linabaki, na uzito unaibwa. Mkulima anauza gunia moja, naye ametoa gunia na nusu. Pale Tunduma, penye shilingi na kwacha, mama anayevusha mchele asiyeweza kukokotoa bei kichwani hupoteza faida yake kabla ya kufika nyumbani. Hakuna bunduki inayotumika hapo, ila ujinga wa hesabu.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wasimwachie mtoto yeyote, hasa wa kike, aseme kwamba hisabati ni ya wengine. Yatima wa mkulima asiyejua kusoma aliipima dunia. Tunawataka viongozi wa vijiji wasimame mizanini wakati wa mavuno, na lumbesa ikataliwe kwa vitendo, kila gunia lipimwe kwa kilo. Anayeshika kipimo ndiye anayeshika jasho la watu, nasi hatukuirudisha shilingi yetu kutoka London ili tuje kupunjana sisi kwa sisi.