Wabera: Jina unalolitaja kila siku ni la nani?

Ukipanda bodaboda hapa Isiolo mjini, unataja Wabera tu na dereva anaondoka. Ukienda kupiga kura, Wabera ndiyo wadi yako. Hata ukishuka Nairobi unalikuta jina hilo hilo: Wabera Street, ile barabara inayopita kando ya maktaba ya McMillan. Sasa hebu tuulizane, Wabera mwenyewe alikuwa nani?

Alikuwa Daudi Dabasso Wabera, na kwao kulikuwa Marsabit. Ndiyo, jina unalojivunia kama la mtaa wako lilikuja na mtu kutoka wilaya jirani, aliyeletwa hapa na kazi.

Kuielewa kazi hiyo, fikiria Isiolo ya enzi za mkoloni. Ilikuwa makao makuu ya NFD, yaani kaskazini yote ya mpakani, eneo ambalo serikali ililifunga. Hukuingia bila kibali, na wenyeji nao hawakutoka ovyo ovyo. Mwenye sauti ya mwisho wilayani alikuwa DC, na DC alikuwa Mzungu. Wabera ndiye Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho Isiolo.

Lakini kiti chenyewe kilikuwa cha moto. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, na Wasomali wengi wa NFD walitaka eneo hili liungane nayo. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuuliza watu wanataka nini. Majibu yaligawanyika. Wengine walitaka Somalia, wengine Kenya. Waingereza wakaamua kaskazini ibaki Kenya, na hasira ikapanda. Isiolo ilikuwa katikati ya mvutano huo: watu wa soko moja, wasio na msimamo mmoja.

Juni 1, 1963 Kenya ikapata Madaraka. Siku 27 tu baadaye, Juni 28, Wabera alikuwa safarini upande wa Modogashe pamoja na Haji Galma Dido, chifu mkubwa wa Waborana. Wakavamiwa na watu waliotaka kujitenga, na wote wawili wakauawa. Uhuru wenyewe ulikuja Desemba 12, na Wabera hakuuona.

Hebu tulia hapo kidogo. Huyu alikuwa mtu wa kaskazini aliyeamua kuitumikia Kenya wakati ambapo wengi nyumbani walikuwa hawajaamua kama Kenya ni yao. Akalipa kwa maisha yake. Je, Kenya nayo iliwalipa nini watu wa kwao?

Kabla mwaka huo haujaisha, serikali ilitangaza hali ya hatari. Vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Hapa Isiolo, familia za wafugaji zilikusanywa kwenye kambi, zikiwemo za Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo ikapotea, na watu waliokuwa na mali wakabaki mikono mitupu. Waborana wanakiita kipindi hicho Gaaf Daaba, wakati mambo yote yalipokwama. Shifta na asiye shifta wakapimwa kwa mizani moja.

Kwa hivyo jina Wabera lina pande mbili. Upande mmoja ni heshima, ndiyo maana liko katikati ya Nairobi na katikati ya Isiolo. Upande wa pili ni deni. Ukiwahi kusimamishwa kwenye kizuizi na kutakiwa kitambulisho mara mbili wakati abiria mwenzako hakuulizwa hata mara moja, unajua deni gani nasema.

Bado kuna wazee wanaoukumbuka mwaka huo wa 1963. Wikendi hii, badala ya kushinda kwenye simu, kaa na mmoja wao, umwagie chai, umuulize siku habari za Wabera zilipofika kwao alikuwa wapi.