Lord Stanley: Muislamu katika Baraza la Malodi

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba Muislamu kuketi katika Baraza la Malodi la Uingereza ni jambo la juzi tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku nilipokuwa nikifuatilia historia ya mwambao wetu. Kitabu cha Mreno Duarte Barbosa, chenye habari za Kilwa, Mombasa na Malindi mwanzoni mwa karne ya 16, kilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1866. Mfasiri wake ni Henry Stanley. Si yule Stanley aliyemtafuta Livingstone. Huyu ni mwingine kabisa.

Alizaliwa mwaka 1827 katika ukoo wa kilodi, akasoma Cambridge, na mwaka 1847 akaingia Wizara ya Mambo ya Nje. Akapelekwa Istanbul, kisha Athens. Mwaka 1859 aliacha kazi akaenda kuzunguka nchi za Mashariki, na habari za kusilimu kwake zikaifadhaisha sana familia yake.

Baba yake alipofariki mwaka 1869, alirithi cheo akawa Baron wa 3 wa Alderley, na ndiye Muislamu wa kwanza kuketi katika Baraza lile. Hakupigiwa kura na mtu, kwa hiyo hakuwa na mpiga kura wa kumwogopa. Mwaka 1874, Waingereza walipoanza kuingiza mkono wao Perak, katika nchi ya Wamalay, alisimama barazani akaihoji serikali. Haikumsikiliza. Mwaka uliofuata mwakilishi wao huko, James Birch, akauawa, na majeshi yakapelekwa.

Kwenye ardhi yake Alderley alifunga vilabu vya pombe. Hilo wengi watalifurahia. Lakini huyo huyo, mwaka 1884, aligharimia matengenezo ya kanisa la Llanbadrig katika kisiwa cha Anglesey, Wales, likatiwa vigae vya buluu na nakshi zinazofanana na za misikitini. Najua wapo watakaosema huo ni udhaifu wa imani. Mimi siwezi kumhukumu. Wakulima waliopanga ardhi yake walikuwa Wakristo, na mwenye ardhi zama zile alitarajiwa kuangalia kanisa la wapangaji wake. Kinachonisumbua zaidi ni ukimya wake: hakuwa mtu wa kuitangaza dini yake hadharani, na sijui kama mimi ningeweza kuishi hivyo miaka arobaini katikati ya jamaa wasiokubaliana nami. Mdogo wake mmoja, Algernon, alikuwa askofu wa Kikatoliki!

Alifariki tarehe 11 Desemba 1903, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1321. Hapo ukimya ukaisha. Hakupelekwa kwenye makaburi ya kanisa. Alizikwa katika ardhi yake mwenyewe, na aliyemsalia ni imamu wa ubalozi wa Dola ya Uthmaniya mjini London.